Mguu Uliotangulia Nyumbani

Kaeni kitako, ngano inabisha hodi! Askari Mchopa alirudi kutoka vitani kwa magongo, mguu mmoja kauacha huko. Akafika kwake, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena. Akasikia buti likipiga kwata ndani. Hodi ya tatu, mkewe Somoe akafungua.

“Baba Zena, mbona wapiga hodi kwako?”

“Hata sijui kama ni kwangu.”

Ndani, mguu wake uleule, umevaa buti, ulikuwa ukizunguka chumba peke yake.

“Ulitangulia,” Somoe akasema. “Kila nikiukaribisha, haukai. Haulali, nami silali.”

Mchopa akasimama kizingitini. Aukimbie? Aupige gongo? Hakujua. Mdomo ukasema wenyewe: “Karibu nyumbani.”

Mguu ukatulia, maana safari hii umekaribishwa na mwenye nyumba. Somoe akaufungua kamba za buti. Mchopa naye akaingia kwake.