Mjusi na Mstari wa Bamvua

— Paukwa.
— Pakawa.
— Pakawa mji.
— Mji wa nini?
— Wa mawe na chokaa, bahari huingia bila hodi.
— Ikishaingia?
— Huondoka, waliomo wakabaki. Basi sogeeni, niwape.

Katika mji huo Mjusi alikaa kwenye ufa wa nyumba kongwe, na ukutani alikuwa ametaga mayai mawili. Yai la mjusi hugandana na ukuta, ukilibandua limepasuka. Kumwambia Mjusi ahame ni kumwambia aue wanawe.

Mkuu wa majengo alikuwa Kiboko. Tumbo kama pipa, jicho kwenye viwanja vya watu. Siku hiyo akaja, ndi, ndi, ndi, na nyuma yake karani wake, Korongo, kashika mti wa kupimia wenye mstari mwekundu. Mstari ule ndio kimo cha maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote.

Nyumba ya kwanza. Korongo akasimamisha mti, tik. Sakafu iko chini ya mstari.

“Sheria ni sheria,” akasema Kiboko. “Inyanyuliwe juu ya nguzo, au ibomolewe.”

Nyumba ya pili, tik. Iko chini.

“Sheria ni sheria. Inyanyuliwe juu ya nguzo, au ibomolewe.”

Sasa nyumba ya mawe, yenye ukuta wa unene wa dhiraa, utainyanyuaje? Mwambie na kisima kipande ngazi. Na kiwanja kikishabaki kitupu, nani hukichukua? Yeye Kiboko, ajenge hoteli.

Akafika kwa Mjusi. Tik.

“Chini. Siku saba, bibi.”

Mjusi akaguna, tse-tse-tse. Hasira zilimpanda hata mkia ukataka kukatika wenyewe. Akazimeza.

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba.”

“Nyumba hii waliijenga maji yaingie huku yatokee kule. Ndiyo maana wazee walilala juu. Imeoga bamvua nyingi kukushinda wewe.”

“Umri si hoja. Maji hayamuulizi mtu umri.”

“Kweli kabisa. Basi iandike sheria isimwogope mtu: jengo lolote, la yeyote. Mji mzima utakuvulia kofia.”

Kiboko alipenda sifa kama alivyopenda tope. “Karani, andika.” Korongo akaandika, kwaru, kwaru. Kiboko akagonga muhuri, pu.

“Ahsante,” akasema Mjusi. “Sasa twende tukapime forodha ya zamani.”

“Ile ni ofisi yangu.”

“Basi wewe ndiye yeyote.”

Mtaa mzima ukafuata. Korongo akasimamisha mti, tik. Sakafu ya forodha ilikuwa chini kushinda zote, kwa shibiri nne. Korongo akautazama mti, akamtazama bosi. “Mzee, mti huu haujafundishwa adabu.”

Kiboko jasho likamtoka. “Ngoja kwanza. Forodha ni jengo la kale. Jengo la kale halibomolewi.”

“Umri si hoja, tuliambiwa.”

“Ni hoja. Karani, andika: jengo la kale lisiguswe.”

“La kwako tu, au majengo ya kale yote?” akauliza Mjusi, na mtaa mzima ukamsogelea Kiboko.

“Yote,” akanong'ona.

“Na sisi tukiongeza vibanda na maroshani, bado tutajiita wa kale?”

Kiboko akaona ulaji. Leo au kesho mmoja wao angeongeza japo choo, naye angekinyakua kiwanja. “Andika: msamaha ni kwa jengo lililobaki kama wazee walivyoliacha. Likiongezwa kitu, msamaha umekufa.” Pu.

Mjusi hupita dari zote za mji, na apitaye darini huona.

“Mheshimiwa, lile dimbwi la kuogea ulilochimba sebuleni mwezi uliopita, lenye vigae vya buluu, ni wazee gani waliliacha?”

Korongo akakohoa. “Sheria ni sheria, mzee. Inyanyuliwe juu ya nguzo, au ibomolewe. Siku saba.”

Kiboko angeweza kulifukia, forodha ikasalimika. Lakini mumwambie Kiboko afukie dimbwi? Akatia mgongo chini ya forodha, akasukuma, hffff. Ukuta haukusogea, kilichosogea ni kiuno. Siku ya saba akaenda zake mtoni, kiuno upande.

Mtaa ukafukia dimbwi lile kwa kifusi cha nyumba ambazo Kiboko alikwisha kuzibomoa kabla ya siku ile, forodha ikarudi ilivyokuwa, wasio na makazi wakaingia humo. Na ukutani kwa Mjusi, pa, pa, mayai yakapasuka kwa wakati wake, wakatoka wawili wenye macho makubwa.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwakolea, ingieni nayo ndani. Ikiwachachia, mpelekeeni Kiboko, siku hizi ana nafasi. Na funzo lake, wanangu: mdogo asibishane na mkubwa, wala asiisome sheria mpaka mwisho. Inaharibu macho.