Kete Saba za Kiboko

"Mlio karibu, paukwa."

"Pakawa."

"Na walio mbali?"

"Tumewawekea nafasi."

Basi wasogezeeni mkeka, niwape ngano. Na wewe unayecheka, cheka sasa, maana mbele kuna mahali nitataka unyamaze.

Palikuwa na mto, na kwenye mto kivuko, na kwenye kivuko Kiboko. Kivuko hakikuwa chake. Alilala tu katikati, akasema ni chake, na kwa meno yale nani angembishia? Aliyetaka kuvuka alisimama ukingoni akaomba. Kiboko alimsikiliza, akatazama alichobeba, halafu akataja kete. Kete zilikuwa sita. Akisema "tatu," unarusha zote, na tatu lazima zianguke chali. Ukizipata, unavuka. Usipozipata, unaacha ulichobeba na kurudi ulikotoka. Ndiyo maana Kiboko ana tumbo lile.

Upande huu wa mto alikuwepo Pimbi. Alikuwepo tu, lakini si kwao. Kwao ng'ambo, juu ya jabali, aliko mama yake. Alivuka wakati wa kiangazi, mto ukiwa mchanga mtupu, akifuata majani mabichi. Mvua ikanyesha milimani, mto ukajaa nyuma yake. Maji yaliyomfika Swala magotini yangemfunika yeye na masikio yake.

Kila alasiri mama yake alipanda jabalini akaita, kwiii, kwiii. Pimbi akaitikia, kwiii. Sauti zao zilivuka bila kete, yeye akabaki. Alimkumbuka mama yake mpaka majani yale yale aliyoyafuata yakakosa ladha mdomoni.

Akabeba viazi, akaenda kivukoni.

"Unataka nini?"

"Nataka kuvuka, Bwana Kiboko. Na kwa kuwa mimi mfupi, naomba unibebe."

"Kuvuka, kete nne. Kubebwa, ongeza tatu."

Pimbi akahesabu. "Hizo ni saba. Nazo kete ziko sita."

"Basi rusha vizuri."

Chaka-chaka-chaka, pwa. Hata zingeanguka chali zote, zingefaa nini?

"Hukupata," akasema Kiboko. "Acha viazi, urudi."

Pimbi akaacha viazi. Lakini hakurudi. Alijibanza kwenye nyasi za ukingoni, akasikiliza wenzake wanavyoomba.

Akaja Nyani na mahindi yake. "We jitu, sogea huko, nina haraka."

"Kete sita."

Chaka-chaka-chaka, pwa. Nyani akaacha mahindi.

Akaja Swala na maboga. "Shikamoo, Bwana Kiboko. Naomba kupita."

"Marahaba. Kete tatu."

Chaka-chaka-chaka, pwa. Swala akapita na maboga yake.

Pimbi akajiambia, kumbe idadi haikai mahali pamoja. Inapanda na kushuka, na anayeipandisha ni mwombaji mwenyewe.

Akaja Ngiri mzee, asiye na hila hata ya kuibia mchwa. "Habari za hapa? Shemeji yetu Bi Somoe hajambo?"

Kiboko akageuza kichwa, akatazama ng'ambo kwenye matete, akatazama muda mrefu. "Pita," akasema. "Leo hakuna kurusha."

Hapo ndipo nilipotaka unyamaze, wewe. Bi Somoe alikuwa mke wa Kiboko. Siku moja alimwomba mumewe amsogezee mayungiyungi, na mumewe, kwa mazoea ya kazi, akamwambia, "Kete nne." Bi Somoe hakurusha. Alikwenda zake bwawani, nyuma ya matete. Kiboko hakumfuata, maana akiondoka, kivuko angemwachia nani? Akabaki na kivuko chake, anatazama matete.

Alasiri Pimbi akarudi, mikono mitupu.

"Unataka nini?"

"Safari hii sitaki kitu. Nimekuja kuaga. Nasikia huko juu mto ni mwembamba, nitazunguka. Nitapita kwa Bi Somoe. Nikaona si vizuri nisikuulize kama una salamu."

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Mwambie..."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mayungiyungi yamechanua."

"Hiyo ni habari, Bwana Kiboko, au ni ombi?"

Kiboko akafikiri. "Ni ombi."

Pimbi akaziokota kete, akaziweka mbele ya pua ya Kiboko. "Kupeleka salamu, kete nne. Salamu za mume aliyemtajia mkewe kete, ongeza tatu."

"Hizo ni saba. Kete ziko sita."

"Basi rusha vizuri."

Akarusha kwa mdomo wake mkubwa. Chaka, pwa. Mbili tu.

"Punguza," akasema Kiboko.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu namkumbuka."

Kule jabalini mama yake alikuwa ameanza kuita, na hakuna aliyejua zaidi ya Pimbi uzito wa neno lile. Ilibaki kidogo tu apunguze bure. Lakini alikuwa anataka kwenda kwao.

"Rudisha viazi vyangu na mahindi ya Nyani, zitabaki tano."

"Vyote nimekula."

"Basi nibebe mpaka ng'ambo, nisichelewe. Nitakufutia zote."

Kiboko akainama. Pimbi akapanda. Chubwi, chubwi, wakavuka. Walipofika Pimbi akaruka mchangani.

"Bwawa la Bi Somoe liko nyuma ya matete hayo," akasema. "Salamu umefika nazo mwenyewe."

Kiboko akatazama matete, akatazama alikotoka. Nyuma yake wanyama walikuwa wameona kivuko kitupu, wanavuka, chubwi, chubwi, chubwi, Nyani mbele.

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Huko juu mto ni mpana kuliko hapa."

Tulidhani atamkanyaga. Hakumkanyaga. Alisimama palepale maji yakimchuruzika, akauliza kwa sauti ndogo, "Kete ngapi?"

"Hiyo atataja mwenyewe," akasema Pimbi, akakimbia jabalini. Mama yake hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza, "Umekula?"

Mnataka kujua Bi Somoe alitaja ngapi. Sijui. Matete yale ni marefu. Najua tu kwamba Kiboko aliyachuma mayungiyungi kwanza, akaenda nayo taratibu, na kivukoni hajarudi.

Funzo la ngano hii ni kwamba maneno hayana kazi, mdogo asimdanganye mkubwa, na ukimkumbuka mtu, kaa kimya ulinde kivuko chako.

"Ngano yangu nimeivusha. Walio karibu?"

"Tumeshiba."

"Na walio mbali?"

"Waje, hatuwatajii kete."