Televisheni Kubwa ya Bi Pimbi

Hodi, wenyewe.
— Karibu!
Nimebeba ngano.
— Itue!
Ina mkia mrefu.
— Tuushike!

Basi shikeni, msiuachie.

Alikuwako Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, aliyejenga nyumba ya wageni juu ya mwamba. Aliijenga jiwe kwa jiwe, mgongo ukimuuma. Wanyama waliochoshwa na mbuga walikuja kupumzika kwake, wale, walale, wasiwe na wa kuwakimbiza. Na kila chumba Bi Pimbi alikitia televisheni. Si kubwa, lakini inaonyesha. Sebuleni nako akaweka moja, ya wote.

Siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa pomoni, maana alasiri ilikuwa fainali ya mbio, Swala na Mbuni. Mama Kanga alikuja na vifaranga wake. Digidigi wawili, maarusi wapya, walikuwa kwenye fungate. Mzee Kobe alikuwa ameondoka kwake mwezi uliopita ili awahi. Wote hawakai, hawatulii, fainali hiyo yaja.

Mara wakasikia: tindi, tindi, tindi. Ni nani? Ni Kiboko. Mzigo wake mmoja tu, tumbo.

"Nataka chumba chenye televisheni kubwa," akasema.

Bi Pimbi akampa chumba. Kiboko akaitazama televisheni, akaguna. "Ndogo."

Akaenda kwa Mama Kanga. Du, du, du.

"Mama, lete televisheni yako. Mbili ni kubwa kuliko moja."

Akaitia kwapani, huyoo. Akaenda kwa Digidigi. Du, du, du.

"Maarusi, leteni televisheni yenu. Tatu ni kubwa kuliko mbili."

Akaitia kwapani, huyoo. Akaenda kwa Mzee Kobe. Du, du, du. Kobe akaingiza kichwa ndani, alipokitoa, ukuta mtupu. Kisha Kiboko akabeba na ile ya sebuleni. Akazipanga zote chumbani kwake, akaziwasha kwa pamoja, akafunga mlango. Kelele humo ndani, wee acha tu.

Wageni wakamjia Bi Pimbi na mabegi yao.

"Bi Pimbi, tunakupenda," akasema Mama Kanga, "lakini tunahamia kwa Nguchiro. Kule kuna televisheni na hakuna Kiboko."

Bi Pimbi akawaona akilini wageni wakiondoka, na vyumba vikibaki na popo. Amfukuze Kiboko? Kwa mkono upi? Akakaa, akakuna sikio. Halafu akacheka peke yake.

"Tueni mabegi," akasema. "Nipeni masizi ya jikoni na gunzi moja la hindi."

Nyuma ya nyumba palikuwa na stoo, na stoo ilikuwa na dirisha pana lisilo na kioo. Chini yake mteremko, chini ya mteremko bwawa, na kando ya bwawa majani mabichi yanayoita. Bi Pimbi akazipaka masizi kingo za dirisha, zikawa nyeusi tii. Kisha akaenda kwa Kiboko.

"Bwana mkubwa, samahani. Wageni wanaililia ile televisheni ya stoo, nami nimewaambia hiyo ni ya mgeni mzito."

"Ipo nyingine?"

"Hizi ni vipande tu, bwana."

Kiboko akaja mbio. Alipoingia stoo, mdomo ukamdondoka. Majani yanayumba. Ndege anapita, pururu. Upepo ukampiga usoni.

"Inatoa hata upepo," akanong'ona.

"Na harufu pia, bwana. Rimoti yake hii." Akampa gunzi.

Kiboko akabonyeza. "Haibadiliki."

"Ina chaneli moja, lakini haina matangazo."

"Lakini hilo si di—" akaanza Digidigi bwana arusi, kutoka mlangoni. Mkewe akamkanyaga ukwato.

"Chukueni vitelevisheni vyenu," Kiboko akasema bila kugeuka. "Mnanizibia."

Wakazibeba, mbiombio. Kiboko akatazama majani. Tumbo likanguruma: guru, guru.

"Bi Pimbi, yale majani yanalika?"

"Yanalika, bwana, lakini tafadhali usiingie. Aingiaye humo huwa staa, na sisi sote hulazimika kukaa tumtazame yeye tu. Utatuchosha."

Lo, kumbe ndiyo kumpa mbio. Kiboko akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. Tumbo likagoma, kwii, akanasa.

"Sukumeni," akaamuru.

Wakasukuma. Kanga kwa kifua, Digidigi kwa mapaji ya uso, Kobe kwa gamba, Bi Pimbi kwa roho yake yote. Fyuu! Kiboko akachomoka: bingiri, bingiri, bingiri, chubwi, bwawani.

Bi Pimbi akachungulia dirishani. Je, akigundua? Akirudi na hasira, nyumba itabaki kokoto. Maji yakafunguka, macho mawili yakatokea.

"Mnaniona?"

"Tunakuona, bwana. Umejaa kote."

"Nimependeza?"

"Kama uliyezaliwa humo."

Kiboko akatabasamu, akapanua mdomo ili wayaone meno yote. Hakurudi tena. Wageni wakakimbilia sebuleni, wakaikuta fainali ndiyo kwanza inaanza, wakarukaruka hadi Mbuni akamaliza wa kwanza. Na hadi leo, ukimtazama kiboko majini, atapanua mdomo. Anadhani yuko hewani.

Funzo, wanangu: mwenye nyumba asimdanganye mgeni wake hata mara moja. Uongo haujengi. Vile vyumba vipya ambavyo Bi Pimbi aliongeza mwaka uleule, sijui vilijengwa na nini.

Ngano imekwisha chunguni. Aliyeshiba afute mdomo.
— Na asiyeshiba?
Alambe mwiko.