Tamimu Mtafuta Miche na Jini wa Udongo

Alitawala katika mji wa Tarfani, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, sultani aliyeitwa Nuumani bin Shakiri, na bustani yake ilikuwa na maua ya nchi arobaini na moja, na wageni walipoyaona walimsifu Sultani, na Sultani akamsifu Sheikh Lutufi, msimamizi wa bustani, ambaye aliyapa maua yote jina lake mwenyewe ilhali hajapata kuvuka hata mto. Waliovuka bahari kuyafuata hawakusifiwa na mtu. Walikuwa tisa. Watatu walikufa kwa homa, na mmoja aliporomoka gengeni na mche mkononi, na wawili walipigwa mishale kwa kuchimba juu ya makaburi ya watu bila kuwauliza wenyewe, na wa saba alirudi kipofu, na wajane wao hawakupelekewa hata sahani ya wali.

Wakabaki Tamimu bin Hori na rafiki yake Idarusi. Nao wakaamriwa wavuke tena mpaka kisiwa cha Mirjani, walete ua jekundu linalofunguka kwa kila adhana, kwa kuwa Binti Jokha, dada yake Sultani, amelitaka. Idarusi akasema, "Tukifa huko, Sheikh Lutufi atayapa makaburi yetu jina lake."

Wakasafiri siku hamsini, wakanywa maji yenye mabuu, wakapanda mlima kwa magoti huku miruba imewaganda shingoni, wakalipata. Bibi mmoja wa kisiwa akawasihi wakilichukua walichukue na udongo wake. Lakini ada ya kazi yao ni kuosha mizizi mpaka iwe myeupe, kisha kuifunga kwa makumbi mabichi, maana udongo huficha siafu na manahodha hawautaki chomboni. Tamimu akamwitikia yule bibi kwa adabu, na moyoni akasema huyu anajua nini, akaenda kijitoni akaiosha.

Hapo maji yakachemka na jini akainuka, kimo chake kama mnara. "Ewe mwanadamu, nimekaa katika udongo ule tangu gharika, nawe umenimwaga kama maji ya kuoshea vyombo."

Akamshika Idarusi akamzamisha ardhini mpaka kifuani, mikono na yote, akaapa kwamba yule aliyelitaka ua alirudishe kwa miguu yake na alipande kwa mkono wake kabla ya miezi mitano kwisha, na akija mwingine badala yake, Idarusi atazama kabisa.

"Nenda, ndugu yangu," akasema Idarusi, "ila usikawie, maana pua yaniwasha."

Tamimu akarudi Tarfani, na ua likakataa kufunguka. Sheikh Lutufi akasema mletaji ni mzembe, akatwe kichwa. Tamimu akasujudu, akaungama mbele ya baraza zima kwamba kosa ni lake, alionywa akajiona ajua, na Mungu amsamehe, kisha akaeleza kiapo cha jini. Sultani akacheka, akamwambia asihuzunike, watafuta miche ni wengi, atapewa mwenzi mwingine.

Ndipo Tamimu akasimama bila kuruhusiwa, akasema kwa hasira. "Bwana wangu, kosa langu nimelisema. Na lako atalisema nani? Watu sita wamelala ugenini bila sanda, na hapa hakuna awajuaye hata kwa jina. Unatembeza wageni juu ya mifupa yetu, nao wanakwambia panapendeza. Idarusi si jembe, ukivunja hili ununue lingine. Ni mtu, na yu hai, na anangoja."

Askari wakachomoa majambia. Lakini pazia likafunguka, akatoka Binti Jokha, uso umemsawijika.

"Mwacheni. Kaka, mwenye kosa ni mimi. Nilisema nalitaka ua hilo huku nakula halua, na halua ilipokwisha nikalisahau. Nitakwenda mwenyewe."

Sultani akamkataza, na binti akamuuliza je, kesho kiyama atasimama nani mahali pake, na Sultani akaamuru jahazi litayarishwe. Basi binti akaenda na wajakazi wawili, Tamimu akiwaongoza njia, akatapika bahari nzima, akapanda mlima kwa magoti kama wenziwe, na mwezi wa tano umebakiza siku moja akachimba kwa vidole mpaka kucha zikatoka damu, akalipanda ua, akamtaka jini radhi. Jini akaingia udongoni, na ardhi ikamtema Idarusi. Kabla hajamshukuru mtu, akajikuna pua.

Waliporudi Tarfani, Binti Jokha aliwakataa wana wa wafalme watatu, akaposwa na Tamimu, na Sultani kwa haya akawaoza, akamkatia Tamimu mashamba saba ya minazi, na wajane sita na yule kipofu wakapewa yao kwanza. Safari za miche zikakoma. Sheikh Lutufi akawekwa kwenye lango la bustani, na kila mgeni akisifu ua, kazi yake ni kujibu, "Hili ni la Mahfudhi, aliyekufa kwa homa. Lile ni la Shauri, aliyeporomoka gengeni," mpaka amalize wote sita, ndipo mgeni apite.

Mola awarehemu waliokufa kwa ajili ya kupamba nyumba za watu, na atusamehe sisi tulionusa bila kuuliza.