Kivuli Usoni mwa Mama

Wapendwa, kulikuwa na mchoraji mmoja wa katuni. Jina lake silisemi, maana nikilisema mtaacha kunisikiliza mtaanza kumtafuta.

Bwana huyu alichora kwa mkono, penseli kwanza, wino baadaye, halafu rangi na vivuli akavitia kwenye kompyuta. Niwaeleze kidogo wazee wenzangu. Humo kwenye kompyuta picha haikai kwenye karatasi moja. Chukulia karatasi za nailoni unazoweza kuona upande wa pili, zimepangwa moja juu ya nyingine: chini kuna rangi, juu yake vivuli, juu kabisa mistari ya wino. Ukitazama unaona picha moja. Tuko pamoja? Haya.

Alikuwa anatengeneza kitabu cha kumpa mama yake, hadithi ya utoto wake yeye mchoraji na mdogo wake. Mama alikuwa ametoka hospitali, na madaktari walikuwa wamesema maneno ambayo watoto hawapendi kuyasikia. Ukurasa alioupenda kuliko yote ulimwonyesha mama uani, amekaa mkekani anachambua mchele, jua la jioni linamjia kwa mbele, na wanawe wawili wamesimama mbele yake.

Kazi ikiwa imebaki kidogo, ndugu hao wakakosana. Kisa, siku zote mama alizolazwa, yule mdogo hakutia mguu hospitali. Kaka mtu akawaka moto. Akasema, "Kwangu mimi huyu hayupo tena." Akafungua kompyuta, akamfuta mdogo wake kwenye mistari, akamfuta kwenye rangi, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akaenda kula, na chakula kikapita vizuri tu.

Kesho yake mambo yakaanza kumchanganya. Uso wa mama kwenye ule ukurasa ulionekana umeingia giza, kama umepakwa majivu. Akaongeza mwanga kwenye rangi ya ngozi. Giza likabaki. Akaupaka upya kuanzia paji hadi kidevu. Wapi. Akalaumu kompyuta, akaizima, akaiwasha, mama ni yule yule.

Mkewe akaja kuchungulia. "Baba watoto, mbona mama unamchora kama amenuna?"

"Sijui. Kila nikimng'arisha anarudi hivyo hivyo."

"Labda jua umeliweka vibaya."

Akahamisha jua, uani kukavurugika zaidi. Maskini, alikuwa hajui tena kama tatizo ni jua, ni rangi au ni macho yake. Jambo moja tu alilijua vizuri, kwamba mama anasubiri kitabu na siku hazimsubiri mama. Mwishowe akauchapa ukurasa ulivyo, akampelekea.

Mama akaushika mkononi muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya uso wake mwenyewe.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Nimemtoa, mama. Kwa alivyokutenda."

"Mbona kivuli chake kipo?"

Akamwonyesha. Haya hapa masikio yake yaliyochomoza, na hili bega lake moja limepanda. "Alikuwa akinizibia jua hivi hivi. Namfukuza, anarudi. Wewe umemtoa yeye, mwanangu, kivuli chake umeniachia mimi."

Yule mwanamume akaona aibu, na ndipo alipokumbuka ile karatasi ya vivuli, ambayo hakuigusa. Akasema haraka, "Basi nitakifuta, mama. Ni kazi ya dakika moja."

Mama akaweka mkono kifuani. "Huko utafuta. Na hapa utafuta na nini?"

Wapendwa, sasa tumwache mchoraji, tujitazame sisi. Ni wangapi humu tumefuta mtu? Namba yake tumeitoa kwenye simu, harusini hatukumwalika, jina lake likitajwa mezani tunaomba chumvi. Halafu tunashangaa mbona nyumba haina raha. Tunanunua makochi mapya, tunapaka kuta rangi, tunawagombeza watoto kwa kununa, tunasema mke amebadilika, mama amezeeka vibaya. Tunasugua uso wa mtu asiye na kosa, na giza limetoka kwa yule tuliyemwondoa mbele ya jua.

Sisemi yule mdogo hakukosa. Alikosa. Mama aliyeachwa kitandani alilijua kosa hilo kuliko kaka mtu, na ndiye aliyeuliza mwanangu yuko wapi.

Mchoraji alirudi nyumbani, hakuwasha kompyuta. Alimpigia mdogo wake. Sijui walisemezana nini, ila najua alichukua penseli akaanza tena na masikio.

Wewe uliyekaa hapo mbele yangu, jina unalo, hata sasa liko mdomoni. Kivuli chake kimemwangukia nani nyumbani kwako? Nenda kamtazame usoni leo, kabla hujala.