Kiti cha Marehemu Donat

Hakuna haja ya kumkimbiza mwongo. Mwache atembee tu, atafika mwenyewe mahali njia inapokwisha. Kasereka alidhani wahenga walisema hivyo kwa ajili ya watu wengine.

Alifika mtaa wa Birere mchana kweupe, kwenye chumba ambamo Rosine hutengeneza filamu za harusi na matanga. Alileta filamu ya siku walipoondoa matanga ya kaka yake, Donat. Siku hiyo mama yao mzee alimgeukia Apolline, mjane, akamwambia mbele ya watu, "Nyumba hii ni yako." Mama alikuwa kulia, Kasereka ameketi katikati, Apolline kushoto, na kushoto zaidi, ukingoni kabisa, kilikuwepo kiti kitupu alichowekewa marehemu. Sasa mama naye alikuwa kaburini, na Jumapili wazee wa Butembo, ambao hawakuwapo siku ile, wangeamua nani abaki na nyumba ya marehemu, mtaani Murara.

"Filamu hii ni mupana," alisema Kasereka. "Kule Butembo bataangalia ku telefone. Ifanye nyembamba, yenye kusimama. Mimi njo nibakie katikati. Ule mama wa kushoto, umutoshe mu filamu."

Rosine alielewa. Mjane akikatwa, maneno ya mama yataonekana yanamwendea Kasereka. Moyo ulimsuta, lakini chumba kile alikipanga kwa Kasereka, naye akaanza kazi.

Aliiachia kompyuta ichague yenyewe sehemu ya kubakiza, kwani hufuata nyuso za watu. Fremu ilitulia kidogo juu ya Kasereka, kisha ikateleza kushoto polepole, kama mtu aliyeitwa. Ilimpita Apolline. Ikasimama penye kiti kitupu, na alama ya njano inayozunguka uso ikawaka hewani, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi. Rosine akairudisha. Ikateleza tena.

"Papa Kasereka, masini inatafutaka sura ya mutu. Pale iko inaona nani?"

Kasereka hakutazama. "Kata na mukono yako," alisema.

Rosine alikata kwa mkono, akijichukia. Filamu ikaenda Butembo.

Jumapili simu ililia nyumbani kwa Kasereka. Alikuwa baba yao mkubwa, mmoja wa wazee wa Butembo.

"Kasereka, tumeona. Mama anakuambia nyumba ni yako. Sasa juu ya nini yeye na batu bote banaangalia kushoto? Hata weye, macho yako iko kule. Nani alikuwa pale?"

Kasereka alitaka kusema hapakuwa na mtu. Badala yake akaisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Donat. Alikuwa amekaa karibu na bibi yake, Apolline."



"Basi, mutoto wangu," mzee alisema, "utume filamu yote, na bibi yake ndani."

Rosine ndiye aliyeituma, wala hakungoja kuambiwa mara mbili. Wazee waliitazama yote, na nyumba ikabaki kwa Apolline. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.