Ng'ombe wa Jaji

Wapendwa, kulikuwa na jaji mmoja, mtu safi, ila hakupenda kuulizwa. Akapendekezwa kupanda mahakama ya juu kabisa. Sasa nchi ile ilikuwa na utaratibu wake: jina la anayependekezwa linabandikwa kwenye ofisi za kata, na mwenye neno anakuja kulisema siku ya usaili, mbele ya watu.

Jaji akapita kwenye kata yake, akalikuta jina lake chini ya tangazo la chanjo ya mbwa. Ikamuuma. Rafiki yake akamwambia, "Kaka, kuanikwa kama dagaa, ya nini? Nina mtu kule ndani. Sema tu, jina lipite kimyakimya."

Jaji alitamani, nisiwafiche. Lakini aliona haya kukifikia kiti cha haki kwa mlango wa uani. Akaenda usaili.

Ukumbini akasimama mzee mmoja, fundi seremala. "Mheshimiwa, miaka tisa iliyopita uliniondoa kwenye shamba la baba yangu, ukampa jirani. Mtaa mzima unasema alikupa ng'ombe. Ulikula, hukula?"

Jaji akaona kiti kinamponyoka. Akaomba jalada liletwe. Alipolifungua ndipo akaliona kosa lake. Hukumu aliiandika kwa Kiingereza, akaisoma kwa Kiingereza, akainuka akaenda zake. Mzee wa watu hakuambulia kitu.

Basi akamweleza kwa Kiswahili, polepole: shamba lile baba yake aliliuza mwenyewe angali hai, na shahidi alikuwa mjomba wake, sahihi zao hizi hapa.

Mzee akazitazama sana. "Kumbe ni hivyo tu? Mbona hukusema?"

"Nawe mbona hukuniuliza?"

"Ningekuulizia wapi, Mheshimiwa? Mlangoni kwako kuna askari."

Kiti alikipata. Nje rafiki yake akamcheka, "Umejidhalilisha bure. Si nilikwambia?"

"Namshukuru Mungu sikukusikiliza," jaji akasema. "Ningepanda kule juu na ng'ombe ananifuata nyuma, nami sina habari." Kisha akamwendea yule fundi, akamshika kwa mikono miwili, akamwambia ahsante.

Haya, sisi je? Nani hapa amewahi kumshukuru aliyemuuliza? Ndoa tunazitangaza Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Na viongozi wetu tunawapatia wapi? Si kwenye chumba cha nyuma, tukinywa chai? Tushukuru, ndugu zangu, kwa kila anayetuuliza mchana kweupe. Asiyeuliza hajatusamehe, anatusema tu pembeni.

Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa baraza letu. Majina nimeyabandika pale mlangoni, na la kwanza ni langu. Mkitoka, yasomeni. Mimi nitakuwa nimekaa hapo nje, nasubiri.